Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jina Brigid: Asili, Maana, Kupanda na Kushuka Kwake

Ukimuuliza mwanamke Mkatoliki wa Moshi, Kitui au Bukavu aitwaye Brigita, Bridget au Brigitte somo wake ni nani, huenda akakujibu bila kusita kwamba ni Mtakatifu Brigita. Ukiendelea kumuuliza ni yupi kati ya wawili wenye jina hilo, mmoja wa Ayalandi na mwingine wa Uswidi, mazungumzo hurefuka. Majibu yafuatayo yanamhusu zaidi yule wa kwanza, kwa sababu jina lenyewe ni la kwao, na kwa sababu historia yake ni ya ajabu kidogo: kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa takatifu mno kupewa mtoto, kisha likaenea hadi likadharaulika.

Jina hili limetoka wapi, na lina maana gani?

Umbo lake katika Kiayalandi cha kale ni Brigit. Wanaisimu wanalirudisha nyuma hadi kwenye neno la Kikelti Brigantī, yaani "aliyetukuka" au "aliye juu", kutokana na mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya wenye wazo la kuinuka. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno la Kijerumani Berg, yaani mlima. Kaskazini mwa Uingereza, wakati wa utawala wa Warumi, kulikuwa na kabila la Brigantes na mungu wa kike Brigantia, ambaye jina lake bado linasomeka kwenye mawe yaliyochongwa enzi hizo. Msomaji wa pwani anayetaka mfano wa karibu na amfikirie Aliya, jina la Kiarabu lenye maana ya "aliye juu": majina haya mawili hayana undugu wa damu, lakini yamekutana kwenye maana.

Je, si kweli kwamba maana yake ni "mshale wa moto"?

Si kweli, ingawa vitabu vya kuchagulia watoto majina vinaendelea kuirudia tafsiri hiyo. Chanzo chake ni faharasa ya maneno iitwayo Sanas Cormaic, inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, mfalme na askofu wa Munster, kusini mwa Ayalandi, aliyeuawa vitani mwaka 908. Humo jina limepasuliwa vipande viwili, kimoja kikaelezwa kuwa ni moto na kingine mshale, kisha vikaunganishwa. Wasomi wa zama hizo waliupenda sana mchezo wa namna hiyo, wakiamini kwamba kila jina limeficha sentensi ndani yake. Tafsiri yenyewe inapendeza, na Kildare, mji wa Mtakatifu Brigid, kweli kulikuwa na moto maarufu, lakini historia ya sauti za lugha haikubaliani nayo.

Brigid alikuwa mungu wa kike au mtakatifu?

Jina limebebwa na wote wawili. Faharasa hiyohiyo inamtaja Brigit kuwa mungu wa kike, binti wa mungu Dagda, aliyeheshimiwa na washairi, na inaongeza kwamba alikuwa na dada wawili wenye jina hilohilo, mmoja akisimamia uganga na mwingine uhunzi. Mtakatifu naye, kwa mapokeo, alizaliwa mnamo mwaka 451 huko Faughart, katika Kaunti ya Louth, mama yake akiwa mtumwa na baba yake mtu mwenye cheo. Alianzisha monasteri mahali palipoitwa Cill Dara, yaani "kanisa la mwaloni", ambapo leo ni mji wa Kildare, na akafariki karibu mwaka 524. Maisha yake yaliandikwa na mtawa Cogitosus mnamo mwaka 650, zaidi ya karne moja baadaye, tena kwa wingi wa miujiza na uhaba wa tarehe.

Ndiyo maana wasomi wamegawanyika. Wako wanaosema kwamba mungu wa kale alivishwa shela la utawa, na wako wanaoshikilia kwamba palikuwa na mama mkuu wa monasteri wa kweli ambaye sifa za yule wa kale zilimwangukia kwa sababu ya jina. Katika karne ya 12, padri na mwandishi Gerald wa Wales aliandika kwamba masista wa Kildare walitunza moto usiozimika, 19 wakipokezana zamu usiku mmoja mmoja, na usiku wa 20 ukiachwa kwa Brigid mwenyewe auchochee. Moto huo ulikuja kuzimwa, na mwaka 1993 masista Wabrigidini waliuwasha upya mjini humo.

Kama alipendwa hivyo, mbona Waayalandi wa kale hawakuwapa binti zao jina lake?

Hili ndilo swali lenye utamu kuliko yote. Katika Zama za Kati, mwanamke wa Ayalandi kuitwa Brigit lilikuwa jambo la nadra, na sababu yake ilikuwa heshima. Msomaji wa huku kwetu hahitaji maelezo marefu: katika jamii zetu nyingi mkwe halitaji jina la mkwewe ovyo, na mtoto aliyepewa jina la babu huitwa "babu" hata na mama yake mzazi, ili jina lenyewe lisichezewe mdomoni.

Waayalandi walipata njia ya kulitumia bila kuligusa. Waliweka mbele yake neno máel, kwa maana ya mtu aliyenyolewa utosi kama mtawa, na hivyo mfuasi, au gilla, kwa maana ya mtumishi. Mtoto akaitwa Máel Brigte, "mfuasi wa Brigid", au Gilla Brigte, "mtumishi wa Brigid". Ni hesabu ileile ya Abdallah na Abdulkadir, ambapo anayepewa mtoto si jina tukufu lenyewe bali ni utumishi kwa mwenye jina hilo. Walifanya vivyo hivyo kwa Patriki, na kwa Bikira Maria walikwenda mbali zaidi: umbo Muire lilibaki la kwake peke yake, na wanawake wa kawaida walipokuja kuitwa Maria walipewa umbo la Máire.

Jambo linaloshangaza ni kwamba majina hayo ya utumishi kwa kawaida yalikuwa ya wanaume. Mmojawapo alikuwa Máel Brigte, mmoja wa watawala wa Uskoti mwishoni mwa karne ya 9, ambaye kwa masimulizi ya Waskandinavia alikuwa na jino lililochomoza. Sigurd, mtawala wa visiwa vya Orkney, alimuua, akakifunga kichwa chake kwenye tandiko la farasi ili ajitape nacho njiani. Lile jino likamchuna mguu, kidonda kikaoza, na Sigurd akafa kwa ushindi wake mwenyewe.

Mwiko huo ulilegea polepole. Kuanzia karne ya 17 jina lenyewe, bila kinga yoyote mbele yake, lilianza kuenea kwa wanawake, na lilipoanza halikusimama tena.

Linatamkwaje, na je, Brigid, Brighid na Bríd ni jina moja?

Ni jina moja katika umri tofauti. Ile g ya katikati katika umbo la kale haikuwa g ya "gari". Ilikuwa karibu na gh yetu ya "ghali", na ndiyo sababu baadaye likaandikwa Brighid. Sauti hiyo ilififia kabisa, irabu ikarefuka kufidia pengo, na kilichobaki ni "Briid". Tahajia ya Kiayalandi iliporekebishwa katikati ya karne ya 20 na herufi nyingi zisizotamkwa kuondolewa, likawa Bríd, ile alama ya juu ikionyesha urefu wa irabu. Kaskazini mwa nchi d ya mwisho hulainika hadi utasikia "Briij". Wazungumzaji wa Kiingereza nao huitamka g ya Brigid kama j.

Mwito ni jambo la kuangalia. Anapoitwa, Bríd huwa "a Bhríd", na sauti ya kwanza hugeuka kuwa kama v. Mgeni huona ajabu jina kubadilika mwanzoni badala ya mwishoni, ila sisi tunaosema ulimi na ndimi, urefu na ndefu, hatuna haki ya kushangaa.

Ninatafuta habari za bibi wa familia kutoka Ayalandi. Mbona anaonekana kwa majina tofauti katika kila karatasi?

Huenda ni mtu yuleyule. Chukua mwanamke wa kawaida wa Mayo au Galway, eneo la wasemaji wa Kiayalandi, katika karne ya 19. Padri aliyembatiza aliandika kwa Kilatini, hivyo kwenye daftari la parokia ni Brigida. Karani wa serikali aliandika kwa Kiingereza, hivyo kwenye sensa ni Bridget. Nyumbani mama yake alimwita Bríd, au Brídín alipokuwa mdogo, na majirani wakamwita Biddy au Bridie. Akivuka bahari, anaweza kuibuka New York akiwa Delia, kifupi cha Bedelia, ambalo nalo lilikuwa Bridget lililovishwa nguo za Jumapili. Breda, Breeda na Bride ni wa ukoo huohuo.

Utitiri huo wa vifupisho ulikuwa na kazi. Familia nyingi za Ayalandi zilifuata desturi ya kuwarithisha watoto majina ya wazee, binti wa kwanza akichukua jina la bibi mzaa mama na wa pili la bibi mzaa baba. Mkikuyu ataitambua desturi hiyo mara moja, ingawa kwao binti wa kwanza huanzia upande wa baba. Matokeo yake ni kijiji kizima kuzunguka katika majina machache, na kisimani wakakutana akina Bridget watano. Hapo ndipo wanapatikana Bríd Mhór, yaani Bríd Mkubwa, Bríd Óg, yaani Bríd Mdogo, na Bríd Rua, mwenye nywele nyekundu.

Ni kweli kwamba jina hili liligeuka kuwa tusi Marekani?

Ni kweli. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni 1 nchini Ayalandi na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni 1 kuhama. Wahamaji wa Kiayalandi wa miongo iliyofuata walikuwa na jambo moja lisilo la kawaida: wengi wao walikuwa wasichana wasioolewa waliosafiri peke yao. Kazi waliyoikuta Boston na New York ilikuwa ya nyumbani, yaani kupika, kufua, kulea na kuwasha majiko alfajiri. Kwa kuwa wengi wao waliitwa Bridget, jina likahama kutoka kwa mtu likaenda kwa kazi, na wako waajiri waliomwita kila mtumishi Bridget au Biddy hata kama alibatizwa Mary au Catherine.

Magazeti yakaongeza chumvi. Mwaka 1883 jarida la vichekesho la Puck lilichapisha katuni ya mpishi wa Kiayalandi, mwanamke mnene wa mikono minene, akimtikisia ngumi mwajiri wake mwembamba jikoni huku vyungu vikifurika na vyombo vikivunjika. Wasomaji walicheka bila kujiuliza mwajiri huyo alikuwa akimlipa kiasi gani. Mshahara huohuo, ukikusanywa senti kwa senti, ndio uliolipia nauli za wadogo zao na kodi za mashamba ya wazazi waliobaki nyumbani.

Wenye jina walijibu kwa kulivua. Wengine wakajiandikisha Bertha, Bessie, Della au Delia, na wengi hawakuwarithisha binti zao jina hilo. Kifupisho Biddy kimebaki hadi leo katika Kiingereza kama neno la kumbeza mwanamke mzee. Ilibidi vipite vizazi kadhaa, wajukuu wawe mawakili na walimu wasiojua harufu ya jiko la mtu mwingine, ndipo Bridget likarudi Marekani kama jina la kupendeza, likapanda katika miaka ya 1960 na 1970 na kisha kushuka tena kwa kawaida ya mitindo.

Ayalandi kwenyewe lilishuka lini?

Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa bado juu. Katika sensa za 1901 na 1911 Bridget limejaa kila ukurasa. Kushuka kwake kulikuwa kwa taratibu, kukashika kasi kuanzia miaka ya 1960, wakati watu walipohamia mijini, familia zilipopungua watoto, na desturi ya kurithisha majina ya bibi ilipoanza kuonekana ya kizamani. Ofisi Kuu ya Takwimu ya nchi hiyo imeweka hadharani orodha za majina ya watoto kuanzia mwaka 1964, na anayezipitia mwaka baada ya mwaka huliona jina likiteremka kama mshumaa.

Wengi huuliza kwa nini halikunufaika na mwamko wa majina ya Kiayalandi, ule uliowapandisha akina Aoife, Niamh, Ciara na Saoirse, na ambao mwaka 2021 ulimfikisha Fiadh, jina linalotokana na neno la pori na wanyama wa mwituni, kwenye nafasi ya kwanza kwa wasichana. Kwa maoni yangu sababu ni nyepesi. Majina hayo yalikuwa yamelala muda mrefu au ni mapya, hivyo hayakumkumbusha mtu yeyote shangazi yake. Bríd halikuwa limelala. Lilikuwa limekaa jikoni likimenya viazi. Mtu huona jina la bibi yake limechakaa, lakini la mama wa bibi yake huliona zuri, na Brigid bado halikuwa limefika umbali huo. Jamii ambayo haikuliacha ni ile ya Waayalandi wa kuhamahama, ambao kwao Bridget limeendelea kuwa jina la kawaida la binti.

Mtakatifu Birgitta wa Uswidi ni yuleyule?

Hapana. Birgitta alizaliwa Uswidi mwaka 1303, aliolewa, alizaa watoto 8, akaanzisha shirika la kitawa, akafariki Roma mwaka 1373, na akatangazwa mtakatifu mwaka 1391. Papa Yohane Paulo II alimfanya mmoja wa wasimamizi wa Ulaya mwaka 1999. Jina lake, hata hivyo, ni lilelile la Kiayalandi lililovuka bahari na Ukristo, na kutokana nalo Skandinavia ilipata Birgit, Britta, Brita na Berit.

Na Brigitte wa Kifaransa?

Ni tawi jingine la mti huo. Nchini Ufaransa lilitia fora katika miaka ya 1940 na 1950, kwa hiyo hata kabla ya mwigizaji Brigitte Bardot, aliyezaliwa 1934, kuwa maarufu, lilikuwa tayari jina la kizazi cha wadogo zake. Brigitte Macron, mke wa rais, alizaliwa 1953. Leo Mfaransa akilisikia humfikiria mwanamke aliyestaafu.

Kwa nini huku kwetu kuna Brigita, Brigitha, Bridget na Brigitte?

Mara nyingi tahajia hukuonyesha njia ambayo jina lilipitia. Brigitte ni la Kongo, Rwanda na Burundi, lililoletwa na Kifaransa cha wamisionari wa Ubelgiji na Ufaransa. Bridget husikika zaidi Kenya na Uganda, walikofika mapadri na masista wengi wa kutoka Ayalandi kwenyewe pamoja na shule zao za Kiingereza. Brigita na Brigitha limezoeleka Tanzania, likiwa karibu na Kilatini na Kijerumani, lugha za wamisionari wa mwanzo katika sehemu nyingi za nchi. Ile h ya Brigitha haikutoka Ayalandi wala Roma. Huenda ni ya makarani wetu, nayo imeshapata uraia.

Sikukuu yake ni lini, na ule msalaba wa majani una uhusiano gani na jina?

Sikukuu ni tarehe 1 Februari, siku ambayo kwa kalenda ya Waayalandi wa kale ndiyo mwanzo wa majira ya kuchipua. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu hung'oa nyasi laini za kwenye majimaji, kwa mkono bila kuzikata. Unyasi mmoja husimamishwa katikati, mwingine hukunjwa mara mbili na kuupakata, kisha msalaba unageuzwa robo mzunguko na unyasi mwingine unaongezwa, hadi katikati panapatikana mraba uliosukwa na mikono minne inayofungwa ncha. Aliyewahi kumwona mama akisuka ukili wa mkeka hatapata shida kuelewa. Msalaba huo hutundikwa juu ya mlango kuikinga nyumba na moto, na wakati huohuo kitambaa huachwa nje usiku kipate baraka za Brigid anapopita.

Umbo la msalaba huo lilikuwa nembo ya televisheni ya taifa ya Ayalandi kwa miongo kadhaa baada ya kituo kuanzishwa mwishoni mwa 1961, hivyo hata asiye na imani alilitazama kila jioni.

Je, jina linarudi?

Mwenye jina amerudi kwa kishindo. Jina lenyewe linarudi kwa kunyata. Tangu mwaka 2023 siku ya Brigid ni mapumziko ya taifa, ya kwanza nchini humo kupewa jina la mwanamke, na huangukia Jumatatu ya kwanza ya Februari isipokuwa tarehe 1 ikiwa Ijumaa. Mwaka 2024 Kildare iliadhimisha miaka 1,500 tangu kifo chake. Wanawake wengi, wakiwemo wasiokwenda kanisani, wanamwona kuwa kielelezo cha mwanamke aliyeongoza. Hata hivyo mzazi anaweza kumshangilia mtakatifu Jumatatu na Jumanne akamwandikisha binti yake Grace.

Lina uhusiano na maneno ya Kiingereza bride, yaani biharusi, au bridge, yaani daraja?

Hakuna uhusiano, ni mfanano wa sauti tu. Lakini jina la London la Bridewell ni lake kweli: ni kisima cha Mtakatifu Bride, karibu na kanisa lake la Fleet Street. Hapo Mfalme Henry VIII alijenga jumba la kifalme, jumba likageuka gereza, na jina la mtakatifu likaja kumaanisha jela katika miji mingine pia.

Mwanamume anaweza kuitwa hivi?

Siku hizi hapana, ila wanaume wengi wanalibeba kama jina la ukoo bila kujua. McBride ni Mac Giolla Bhríde, "mwana wa mtumishi wa Brigid", na Kilbride ni wa nyumba hiyohiyo.

Nikimpa binti yangu jina hili leo, niandike umbo gani?

Amua kwanza somo wake ni nani: wa Kildare husherehekewa tarehe 1 Februari, na wa Uswidi tarehe 23 Julai. Bríd ni fupi na la asili, lakini mifumo mingi ya kompyuta huiacha ile alama ya juu, na bila alama hiyo Mwayalandi atalisoma kwa irabu fupi, lisiwe jina tena. Brigid linastahimili safari vizuri zaidi, ingawa mwalimu wa darasa la kwanza atalitamka apendavyo. Brigita halimsumbui msemaji yeyote wa Kiswahili. Lolote utakalochagua, hakikisha tahajia ya cheti cha ubatizo ndiyo iliyomo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye fomu ya shule, herufi kwa herufi, maana Brigita wa karatasi moja na Brigitha wa nyingine, mbele ya dirisha la pasipoti, ni watu wawili mpaka kiapo kiletwe.